Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kucha juu ya meza ya bati. Hiyo ndiyo sauti niliyorudi nayo nyumbani leo. Paka alipotolewa kapuni alijaribu kusimama, meza ikamtelezesha – krr, krr, krr – miguu mitatu ikitafuta pa kushika na wa nne ameukunja juu. Halafu akatulia, akanitazama kana kwamba ni mimi niliyeipaka ile meza mafuta.

Anaitwa Sultani. Ameletwa na Bi Zamzam, yule anayekaanga bajia kwenye uchochoro unaopanda kutoka sokoni. Kapu la ukindu, leso juu yake, na maneno mengi. Kwamba Sultani aliruka ukuta kumfuata mke wa watu, akaanguka. Kwamba si paka wa hivi hivi, huyu siku ya Ijumaa anaijua. Kwamba mimi ni mwembamba kwa sababu watu wa bara hatuli samaki mpaka wakaushwe.

Mguu wa nyuma wa kushoto umevimba juu ya kifundo. Hakuna kidonda, hakuna mfupa uliovunjika. Nimempa dawa ya maumivu, kichupa kidogo cha matone. Mara moja kwa siku, siku tano, akishakula. Nilimwonyesha kipimo kwenye bomba dogo la plastiki, akalisogeza mpaka puani. “Mato yangu hayaoni zema, mwanangu.” Nikachora mstari kwa kalamu nyekundu. Akasema sasa hata marehemu mumewe angeuona.

Nikauliza swali tunalofundishwa kuuliza: amepewa dawa nyingine yoyote? Hapana, kwangu hajapewa kitu.

Nikaandika kadi. Napenda kuandika kadi – jina la paka, jina la mwenyewe, mtaa, uzito (kilo tatu na nusu), tatizo. Mpaka Machi kliniki hii ilikuwa ya punda tu. Sasa kabati lina kadi mia na kumi na mbili za paka. Kwetu Kapsabet paka hakuwa na jina. Aliitwa paka, akalala jikoni, akafia jikoni.

Jumanne, 9 Septemba

Kijiji cha Kipungani kutwa, kwa punda. Vidonda vya mgongo, kwato, vidonda vya mgongo. Mzee mmoja aliniuliza kama nimeolewa kabla hajaniambia punda wake anaumwa nini.

Owen, msaidizi mwenzangu, alibaki kliniki peke yake. Paka wanne, kuku mmoja. Yule kuku, Owen alimwambia mwenyewe akampike. Mwandiko wake ni kama yule kuku aliuandika. Nimezitia kadi zake kabatini bila kuzisoma. Nimechoka mpaka nywele.

Jumatano, 10 Septemba

Mwalimu Nasreen, anayefundisha darasa la pili, alikuja mapumziko ya saa nne na paka ndani ya katoni ya biskuti. Anaitwa Tende. Mpole sana huyu – alijilaza mwenyewe mezani kama anayeijua kazi. Mguu wa nyuma wa kushoto, uvimbe juu ya kifundo. Wa pili wiki hii! Nadhani kuna ukuta mmoja wanaouruka wote. Matone, mara moja, siku tano. Dawa nyingine? Kwetu hajapewa, daktari. Nikamwambia mimi si daktari, ni msaidizi. Akasema basi msaidizi aje kwetu Ijumaa ale wali.

Nikasema nitaona. Mimi husema hivyo kila mara. Miezi kumi niko hapa Lamu – Amu, wanavyoiita wenyewe – na sijapita daka la nyumba ya mtu, kile kibaraza cha mlangoni. Wananikaribisha, mimi natazama viatu vyangu.

Nilimwambia Owen paka wa hapa wanafanana wote: rangi ya mchanga, mistari, miguu mirefu. Akasema, “Na wao husema sisi wa bara tunafanana. Juzi nimeitwa Wafula mara tatu.” Wafula ndiye daktari wetu, mnene, ana kipara. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikwenda kwa Mwalimu Nasreen. Daktari Wafula amevuka kwenda Siyu kuchanja mbuzi, atarudi Jumanne.

Jumamosi, 13 Septemba

Bi Zamzam alikuwa mlangoni kabla hatujafungua. Kapu lilelile. Maneno hakuna.

Sultani ametapika tangu jana mchana. Samaki hataki, maji hataki. Nilipoivuta ngozi ya shingo ilibaki imesimama kama hema. Na harufu ile mdomoni – ukiinusa mara moja huisahau. Figo – dawa ile ikizidi huanzia hapo.

“Nimemuua,” akasema. “Ni mato yangu haya. Nimemtilia nyingi.”

Nikamwomba kichupa. Nikakinyonya chote kwa bomba, nikapima kilichobaki. Nikarudia. Siku tano, vipimo vitano, hata tone halijazidi. Nikafungua kinywa nimwambie – na Amjad akaingia.

Amjad ni fundi cherehani, duka lake liko nyuma ya nyumba ya Bi Zamzam. Mkononi ana kichupa kama kile. “Sista, Karani hajaja dukani tangu jana. Nimebakiwa na dawa, nikurudishie?” Halafu akaona mezani. “Ala. Karani, una nini baba?”

“Karani nani?” Bi Zamzam akageuka. “Huyu ni Sultani.”

“Sultani wa wapi, Bi Zamzam? Huyu ni karani wangu. Kila siku adhuhuri yuko juu ya meza, anakagua mishono.”

Nikaenda kabatini. Kadi ya Jumatatu, mwandiko wangu: mguu wa nyuma wa kushoto. Kadi ya Jumanne, mwandiko wa Owen, hata ule ukasomeka: mguu wa nyuma wa kushoto. Ya Jumatano, mwandiko wangu tena. Kilo tatu na nusu, kilo tatu na nusu, kilo tatu na nusu. Nilimpigia Mwalimu Nasreen. Alifika anahema, buibui bado lina chaki ya jana, na kichupa cha tatu.

Asubuhi kwa Bi Zamzam, adhuhuri kwa Amjad, jioni kwa mwalimu. Kila nyumba kipimo kimoja, akishakula. Watu watatu waaminifu.

“Ndiyo maana kwangu alikuwa hamalizi chakula,” Amjad akasema.

“Miaka minne namuombea apate mke,” akasema Bi Zamzam, “kumbe mwenzangu ana nyumba tatu.” Owen akacheka, na mwalimu pia, kisha wote wakamtazama paka.

Ndipo wakaanza kugombania kosa. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mwalimu akasema ni yeye, alimtilia kwenye maziwa wala hakuangalia kama ana njaa ya kawaida. Amjad akasema ni yeye, angewaambia majirani kuwa ana paka, mwanamume hakai na siri ya paka. Bi Zamzam akasema ni macho yake, na mdomo wake, ambao kila kitu huwapasha majirani isipokuwa hili. Mmoja wao, nadhani Amjad, akasema, “Msimlaumu sista. Paka wamejaa mji mzima, atawajuaje?” Wakaitikia wote.

Mimi nilikuwa nimeinama natafuta mshipa. Nilikuwa na haki ya kuinama. Mshipa niliupata, nikafunga dripu, nikanyoosha mgongo. Bado sikuwaambia nilichokipima.

Kwetu mtu akisema “hajapewa dawa” maana yake ni paka hajapewa dawa. Paka ana mlango mmoja. Hapa wao walisema kwangu, kwetu – na walisema kweli tupu. Ila hata hilo ni kujificha. Jumatano alijilaza kwa sababu meza aliijua! Nilimshika mguu uleule kwa vidole hivihivi. Niliutazama mguu. Paka sikumtazama.

Jumapili, 14 Septemba

Hajakojoa. Daktari Wafula kwa simu, mtandao ukikatika: endelea na dripu, hesabu mkojo, mkojo ndio utakaokwambia. Saa ishirini na nne sasa, na kitambaa ni kikavu.

Owen alikwenda kanisani akaniachia ufunguo. Kwanza alikaa kidogo. Kwenye kadi mpya tumeongeza mstari: Anakula kwa nani mwingine? Mwandiko ni wake, ameandika kwa herufi kubwa ili usomeke.

Bi Zamzam amekaa sakafuni kando ya kizimba tangu saa mbili. Hakukaanga bajia leo. Nilimwekea kiti akakikataa. Ameingiza kidole kati ya nondo, Sultani ameweka kidevu juu ya kidole, na hivyo wakakaa. Alimsimulia nani amepita uchochoroni, nani amegombana na nani, bei ya dengu. Kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsomea mwenzake gazeti. Nilikuwa napanga sindano ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Mwalimu alikuja baada ya alasiri, Amjad baada yake. Kila mmoja alimwita kwa jina lake. Yeye aliinua sikio kwa yote matatu.

Walipoondoka Bi Zamzam akaniambia, bila kunitazama: Akipona, apelekwe kwa mwalimu. Mwalimu ni kijana, anaona. Au kwa Amjad. “Kwangu asirudi. Ndia ya kwangu nitaifunga. Mtu asiyeona hafugi kiumbe cha Mungu.” Alisema vifaranga wake wa kuku pia amemwambia binti yake aje kuwachukua. Halafu akafuta macho kwa upindo wa leso, akaniuliza kama nimekula.

Nikasema nimekula. Uongo mwingine.

Kile kichupa kiko kwenye droo yangu. Kipimo chake ninacho kichwani – hakijazidi hata tone – na mtu anafunga mlango wake kwa sababu sijakitoa.

Nilimpigia daktari tena, nikamweleza yote, kichupa, Jumatano, kadi ya Owen niliyoitia kabatini bila kuisoma. Alinisikiliza. Si mtu mbaya. Akasema, “Jeruto, wamekusamehe kabla hujaomba. Acha hivyo. Wameanza kutuletea paka juzi tu. Ukiwaambia kliniki ndiyo iliyokosea watarudia kuwatibu kwa mafuta ya nazi, na wa kuumia ni paka.” Akasema nisubiri arudi Jumanne tuzungumze kwa utulivu.

Huenda ni kweli. Nimejaribu kulipindua neno lake kila upande na kuna upande ni kweli kabisa. Lakini nikifika hapo naona kile kidole kati ya nondo.

Jumatatu, 15 Septemba

Amekojoa. Kidogo, duara la ukubwa wa kifuniko cha soda, la rangi ya chai. Nilipiga magoti nikalitazama kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Bado si salama – fizi zimepauka, hajagusa chakula. Leo na kesho ndizo zitakazosema.

Sikumngoja daktari.

Owen alifika saa moja kasorobo, nikamwambia naenda wapi na nini nitakachosema, kwamba jina lake nitalitaja kwa kadi na langu kwa mengine yote. Akasema, “Taja tu. Lakini ukifukuzwa kazi nitabaki na punda wote peke yangu.” Akakaa kando ya kizimba.

Nilianzia nyumba ya juu uchochoroni. Mwalimu Nasreen alikuwa anafunga viatu aende shule. Alinisikiliza wima, akasema ahsante, akasema angependa kulifikiri kwanza. Amjad alisimamisha cherehani, mguu bado juu yake. Kisha akasema basi sista umetuacha juzi tukagombania kitu kilichokuwa chako. Nikasema ndiyo.

Kwa Bi Zamzam mlango ulikuwa wazi, nusu. Alikuwa anaosha karai ambalo siku mbili halijatumika. Aliniita ndani, nikakataa, nikasemea hapo hapo dakani, vichupa vitatu mkononi.

Nilimwambia: Jumatatu ulimleta kwangu. Jumatano mwalimu alimleta kwangu, paka yuleyule, mguu uleule, na mimi sikumtazama. Kosa ni letu na sehemu kubwa ni yangu. Na Jumamosi nilikipima kichupa chako mara mbili. Ulipima sawasawa.

“Sawasawa?”

“Sawasawa, Bi Zamzam.”

“Na ule mstari mwekundu?”

“Hukuuvuka hata mara moja.”

Aliweka karai chini. Akajifuta mikono, kidole baada ya kidole. Nilidhani atacheka, uso wake ulitaka kwenda huko.

“Siku mbili,” akasema. “Siku mbili wanitazama nalia, na wewe wajua.”

Nikasema, najua.

Akaingia ndani. Mlango akaufunga polepole, bila kuubamiza, nikasikia komeo. Nilikaa dakani. Watu walipita na punda, wakanitolea salamu, nikaitikia. Ndani nilimsikia akitembea, akisimama, akitembea tena. Nilikaa nusu saa. Haukufunguliwa, wala sikuubisha.

Nimerudi kliniki kwa sababu dripu ya Sultani ilikuwa inakaribia kwisha.