Saa ya Kuzaliwa kwa Kerubo

Jumatatu, 5 Mei

Nimekama. Nimekunywa uji. Nimerudi kwenye duara la nyota lililo daftarini. Leo ni nyumba zake kumi na mbili, kuanzia kushoto, ambako ndiko mashariki. Ya kwanza ni mtu mwenyewe. Ya nne ni mama na nyumbani. Nimezikariri nikitembea jikoni, kama darasa la nne na ngeli zao. Miaka thelathini nimefundisha Kiswahili hapa Kebirigo. Sasa nimestaafu na nimekuwa mwanafunzi tena. Mwanafunzi mzito.

Daftari ni la binti yangu, Kerubo. Aliliacha chumbani. Alikuwa akijifunza kusoma nyota za siku mtu anapozaliwa. Amechora maduara ya rafiki zake wote. Duara lake mwenyewe hakulimaliza. Lilikosa saa ya kuzaliwa.

Jumatano, 7 Mei

Niandike ukweli. Saa hiyo aliniomba, mwaka juzi, baada ya ibada, mbele ya akina mama wa kanisa. Nikamjibu kwamba sikuzaa mchawi. Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kesho yake akaenda Nakuru kufanya kazi hotelini. Simu zangu hapokei.

Nataka kujua alikuwa akitafuta nini humu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemaliza duara lake. Programu ya simu inauliza tarehe, mahali, saa. Saa naikumbuka vizuri. Nesi alisema, "Ni msichana, mama. Saa kumi kamili." Nikaandika kumi.

Nyota iliyokuwa ikichomoza ni Mizani. Daftari linasema mtu wa Mizani hupenda amani na husamehe upesi. Nimefurahi kama mjinga. Atarudi mwenyewe, basi. Nimefagia chumba chake na kubadilisha shuka.

Jumamosi, 17 Mei

Sabato. Hajapiga.

Jirani yangu Bosibori ameingia baada ya kanisa bila kubisha. Duara lilikuwa mezani.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Nikasema ni hesabu.

"Hesabu iko na nge?"

Hakungoja chai. Nimekula peke yangu. Ndizi nilipika za watu wawili, sijui kwa nini.

Jumanne, 20 Mei

Kuna kitu hakikai sawa. Kwenye duara jua liko kushoto, linapanda. Lakini siku nilipomzaa jua lilinichoma usoni kupitia dirisha la magharibi. Nililala naye kifuani, nikamkinga macho kwa kiganja.

Saa kumi alasiri! Simu inahesabu saa za Kizungu. Kumi yetu, kwao ni nne. Nimefundisha watoto wangapi kuongeza sita na kutoa sita? Siku kumi na moja nimemsoma binti wa mtu mwingine.

Nimerekebisha. Mizani imeondoka. Anayechomoza ni Mbuzi. Daftari, kwa mwandiko wake Kerubo: huyu hubeba mzigo bila kulia. Huzeeka mapema. Ukimuumiza, haombi mara ya pili.

Sijui kama nyota husema kweli. Mchungaji anasema hazisemi. Lakini hili nilipaswa kulijua bila nyota. Nimemlea mimi.

Jumatano, 21 Mei

Ujumbe. Nimeufuta mara tano. Nilioutuma: "Kerubo, ulizaliwa saa kumi alasiri. Nilikosea kukuita vile mbele ya watu. Nisamehe. Mama."

Umefika. Umesomwa.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeangalia simu shambani, jikoni, kitandani.

Jumamosi, 24 Mei

Bosibori amewaambia watu wa kanisa. Benchi langu kanisani lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Nimeimba hata hivyo. Akina mama walipouliza mlangoni, nikasema ndiyo, ni nyota, na ni za binti yangu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jumapili, 25 Mei

Kerubo amepiga nikichuma chai. Nyota hakuzitaja. Aliuliza siku nilipomzaa nilikuwa na nani. Nikasema sikuwa na mtu. Baba yake alikuwa kazini mbali, mama yangu alikuwa ameshafariki.

"Pole, Mama," akasema.

Miaka ishirini na minane, hakuna aliyewahi kunipa pole ya siku ile. Tukakaa na simu masikioni, yeye akisikia ndege wa huku, mimi nikisikia vyombo vya jikoni kwao. Kisha akaitwa kazini.

Nimechuma hadi mstari ulipoisha.