Mto wa Mama Yangu Hauingii Thieta

Mshauri wetu Mama Bupe, nakusalimu kutoka Iringa, na nisikudanganye, sikuandikii nikiwa nalia, nakuandikia nikiwa na hasira, kwa sababu kila mtu hapa ananiambia niombe msamaha na mimi sioni kosa langu liko wapi, sasa nimebaki na wewe tu.

Mimi ni nesi wa usingizi katika hospitali moja ya huku kwetu, maana yake mgonjwa akiingia chumba cha upasuaji, sisi tunaita thieta, mimi ndiye ninayemlaza kwa dawa na kumwekea kooni mpira wa kupumulia, halafu nakaa kichwani kwake mpaka aamke. Sasa mama yangu mzazi, ambaye wote wanamwita Mama Edmund kwa jina la kaka yangu, ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake usharikani, na mwaka huu waliamua kuwashonea watoto wanaopasuliwa mito midogo, imejazwa pamba ya kutosha, imedariziwa msalaba na maneno Lala Salama, mchungaji akaiombea, wakaileta hospitali kwa maandamano na kwaya mbele, mganga mfawidhi akaipokea, picha zikapigwa, na mimi nilipiga makofi kama wengine kwa sababu nilidhani ni ya wodini.

Kumbe ni ya kwenye meza yetu ya upasuaji. Jumatatu yake nikaitwa mbio na mwenzangu Anord, mtoto mchanga wa ngiri ameshapewa dawa na mpira hauingii, nafika nakuta kichwa kiko juu ya mto, tena na kofia ya sufu kwa ajili ya baridi, Anord anafungua mdomo kwa kile kifaa chetu chenye taa na haoni kitu ila ulimi. Mama Bupe, mtoto mchanga kisogo chake ni kikubwa, ukimlaza chali tu kichwa kinajisukuma mbele, ukimwongezea mto kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inajikunja, mtu mzima tunamwekea mto, lakini mtoto mchanga anawekewa taulo lililoviringishwa chini ya mabega, la kiasi tu, uso utazame dari, shingo isije mbele wala isirudi nyuma kupita kiasi. Nikachomoa mto, nikavua kofia, nikaweka taulo, tukambonyezea hewa kwa barakoa mpaka kifua kikapanda vizuri, halafu mpira ukaingia mara moja, mtoto akapasuliwa, akaamka, akanyonya.

Nikakusanya mito yote nikaitoa nje, nikaiweka kwenye benchi la korido, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu ndugu wa wagonjwa waliiona wakaikalia, na akina mama walipokuja kutembelea wodi wakamkuta mzee mmoja anatafuna mahindi ya kuchemsha juu ya msalaba na Lala Salama. Mama yangu alinifokea pale pale mbele ya watu, "Mwee, Jackline! Mito zetu mchungaji ameziombea, wewe unazigeuza za kukalia? Nimekuzaa, nimekulaza kwenye mto, mbona hukufa?" Nikamwambia, "Mama, nilikuwa macho, sikuwa nimepewa dawa za usingizi." Akasema sasa ndiyo nimemtukana.

Ningevumilia yote hayo kama si Blessing. Huyu ni binti wa kaka yangu Edmund, anayelima vitunguu Ruaha Mbuyuni, amezaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, tunaita mdomo wazi, mama yake Gloria anamkamulia maziwa na kumnywesha kwa kijiko, na Jumatano ijayo madaktari wa midomo wazi wanakuja kwetu, wakiondoka hakuna anayejua watarudi lini. Mama amesema mjukuu wake hapasuliwi bila mto aliomshonea yeye mwenyewe, na mimi nisimame kanisani Jumapili niombe radhi, vinginevyo mtoto habebwi. Edmund anasema, "Dada, mimi siwezi kumvuka mama." Mganga mfawidhi naye ananiita ofisini, "Jackline, weka mto, tupige picha akina mama waridhike, halafu utoe. Unapungukiwa nini?"

Nimewajibu wote kwamba mto hauingii, kanisani sisimami, na Blessing nitamlaza mimi mwenyewe kwa mikono yangu nione nani atanizuia. Sasa nyumbani hakuna anayenipa hata salamu. Mama Bupe, niambie, niombe radhi kwa kumtaka mtoto apumue?

Jackline, Iringa

MAMA BUPE ANAJIBU

Jackline, pole sana, na hongera kwa kichwa kigumu, maana safari hii umekitumia mahali pake. Mimi si mtu wa dawa, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimuuliza mtu wa kazi yako hapa Mbeya, akaniambia yale yale uliyoandika. Bado sikuridhika. Hapa mtaani kwetu Soweto jirani yangu, mke wa Asukile, ana mtoto mchanga, tukamlaza mkekani akiwa macho na anatuchekea. Juu ya mto, kidevu kifuani. Tukatoa mto, tukaweka kanga iliyokunjwa chini ya mabega, uso ukatazama juu na shingo ikakaa sawa. Mimi niliyelea wanangu wote kwenye mito niliamini hapo hapo.

Kwa hiyo kanisani usisimame. Ukiomba radhi kwa kuondoa mito, kesho itarudishwa mezani na mtoto wa mtu mwingine atalipia adabu yako. Na huyo mganga mfawidhi mwambie akitaka picha akapige nje kwenye maua. Mto wa kuweka na kutoa iko siku utasahauliwa pale pale.

Lakini benchi, Jackline? Hospitali nzima hukuona kabati? Mama yako ameshona kwa macho ya uzee, amejichoma sindano, ametembea na kwaya barabarani, halafu anakuta kazi yake iko chini ya makalio ya watu. Hata mimi ningepiga kelele. Ungempigia simu siku ile ile, ungemwambia, mama, mito ni mizuri ila ya wodi ya watu wazima, yasingefika huku. Na lile jibu la "nilikuwa macho" lilikuwa la kweli, lakini hukulisema ili aelewe, ulilisema ili ashindwe.

Basi nenda nyumbani, si kanisani. Piga magoti kwa ajili ya benchi, na kwa ajili ya benchi tu. Akishaitikia, siku Blessing akiletwa mjini mlaze mkekani mbele yake kama nilivyofanya mimi, kwa muda mfupi, mtoto akiwa macho. Usimsomee somo la chuo. Mpe kanga, aikunje yeye, aiweke chini ya mabega ya mjukuu wake kwa mkono wake, aone kidevu kinapoondoka kifuani. Asipotaka kuona, umefanya sehemu yako.

Na hilo la kumlaza Blessing wewe mwenyewe, acha. Wewe ni shangazi yake, tena shangazi mwenye hasira. Anord ameshaona kwa macho yake mto unafanya nini, na najua hatasahau. Mwachie yeye au mwingine, wewe ukae nje na ndugu zako muombe.

Sasa nikuulize mimi. Barua yako ina maneno ya mama yako, ya kaka yako na ya bosi wako, na yako ndiyo mengi kuliko yote. Gloria hajasema neno hata moja. Ndiye aliyemzaa Blessing, ndiye anayekamua maziwa na kushika kijiko, na mnagombania mtoto wake bila hata mmoja kumgeukia. Ridhaa ya upasuaji ni ya mzazi, na bibi si mzazi, hata awe mwenyekiti wa vikundi vyote vya Iringa.

Mpigie Gloria leo. Mweleze kinachofanyika mezani, mwambie na hatari zake bila kumficha, halafu umuulize anataka nini, na safari hii nyamaza umsikilize. Akisema ndiyo, usingoje Edmund apate ujasiri wala mama yako apoe. Mfuate Ruaha Mbuyuni, mbebeni mtoto, na Jumatano awe hapo hospitali. Mama yako atanuna, na kununa kutapita.