Skramu Imerudi, Mama Imani

Mama Imani wangu,

Kabla ya yote niambie, kifua cha Imani kimepona? Juzi kwa simu alikuwa anakohoa huku ananiambia hakohoi, na hiyo tabia ya kukataa kitu kila mtu anakiona najua ameitoa kwa nani, na si kwako. Na mdogo wako Wairimu bado ako hapo nyumbani Section 58, ama maji ya ziwa yametoka kwa nyumba yake Kihoto? Mwambie asiharakishe kurudi eti kwa sababu ukuta umekauka kwa nje. Mama yako huko Molo viazi vimekubali mwaka huu? Nilisikia mvua imewatesa. Mimi niko mzima, Mungu amenisaidia, isipokuwa shingo, na hiyo nitakuambia.

Najua utashangaa kuona barua, na simu tunazo. Lakini wewe mwenyewe unajua tukiongea kwa simu inakuwa namna gani. Wewe una wateja wamesimama mbele ya karoti, mimi niko kwa mapumziko ya kazi, tunaulizana habari mpaka habari zinaisha na la maana halijasemwa. Na kuna mambo nikianza kuyasema nikisikia pumzi yako huko upande wa pili, naogopa, nageuza maneno. Kuna jamaa wa Molo hukimbia marathon za huku Ufaransa, anarudi wiki ijayo. Nimempa hii akuletee pale sokoni mkononi. Mpe chai, na usimuulize mambo yangu kwa sababu hajui.

Kazi ya asubuhi ni ile ile ya kiwanda cha mbao. Baridi imepungua kidogo, sasa vidole navisikia. Gogo likipita kwa msumeno ile harufu inanipeleka Elburgon moja kwa moja, naona hata mama yangu amesimama kwa mlango akiniita nikachukue maganda ya kuwashia moto. Kifaransa changu bado ni kile cha kuulizia basi. Watu wa hapa ni wazuri lakini wanaongea mbio, na ukiwaambia warudie wanarudia kwa sauti kubwa na kwa mbio ile ile.

Sasa nikueleze habari ya raga, na najua unafunga macho. Wewe huiita mpira wa kukumbatiana, na sijawahi kukulaumu, kwa sababu ile kazi yangu kweli ni kukumbatiana. Skramu ni watu wanane wameinama wameshikana, wanasukumana na wanane wa upande ule, mpira ukiwekwa katikati. Mimi niko mstari wa mbele, pale vichwa vinapokutana. Huko kwetu hiyo kazi haina sifa. Kenya raga ni ya mbio, ile ya watu saba, kila kijana wa Nakuru anataka apewe mpira apepee nao kando ya uwanja wasichana wakiona. Sisi wazito walituita magunia. Nilipokuja huku nikajua nimefika kwa wenyewe. Kumbe hata huku mambo yalikuwa yamebadilika. Makocha walitaka mtu wa mbele akimbie kama wale wembamba, na skramu ikawa ni ya kuanzisha mchezo tu, mpira utoke haraka watu waendelee na mbio. Msimu wa juzi kocha aliniweka timu ya pili, akaniambia kwa upole sana kwamba mimi ni mtu wa zamani. Nilikuambia nimepumzishwa.

Halafu mambo yakageuka. Timu kubwa za dunia zikaanza kushinda kwa vitu vya kizamani. Mtu anapiga mpira juu kabisa halafu wenzake wanaukimbilia ukishuka, kwa sababu marefa siku hizi hawakubali wenzako wakukinge ukiungoja. Uko peke yako, macho juu, na unasikia jitu linakuja. Wengine wameanza tena kudondosha mpira chini na kuupiga kati ya miti ya goli ukiruka, kitu tulidhani kimezikwa. Na skramu yenyewe imerudi, ile ya kusukuma mpaka mtu wa upande ule miguu iachane na nyasi na refa apulize. Wanajaza benchi watu wazito, na kipindi cha pili wanawaingiza kwa pamoja wakiwa wabichi, wale wengine wakiwa wamekwisha.

Kocha wetu naye, mtu wa kufuata wakubwa, akatuchorea kwa ubao mbinu mpya. Alichora mishale mingi sana. Nikaangalia, nikaangalia, nikaanza kucheka peke yangu. Ilikuwa ni trekta. Pale shuleni Njoro, unakumbuka nilikuonyesha ule uwanja, shamba la zamani la mzungu lenye mteremko na matope ya Aprili, hatukuwa na mtu wa mbio hata mmoja. Kwa hivyo mmoja alishika mpira, wote tukamzunguka tukashikana, tukatembea naye pole pole mpaka mwisho wa uwanja. Tuliita hiyo trekta, na shule zenye viatu vizuri zilituchukia kwa ajili yake. Nilipowaambia wenzangu, mmoja kutoka visiwa vya mbali akasema hapana, hiyo ni ya kwao, babu yake aliicheza. Na wazee wanaokuja kunywa pale uwanjani wakasema sisi sote tunadanganya, ilizaliwa hapa hapa. Tulibishana mpaka chakula kikapoa.

Basi mimi, gunia, mtu wa zamani, nikarudishwa timu ya kwanza. Kuna mechi moja mwezi uliopita nataka uijue. Tulikuwa tunaongoza kwa alama chache, dakika zimebaki kidogo, na wale wengine wamepata skramu karibu kabisa na laini yetu ya goli. Wakisukuma tumeisha. Nikaingizwa. Nikainama, nikashika, nikasikia sikio la yule jamaa likisugua langu. Mpira ukaingia, na sijui nikuambie nini, Mama Imani, kile kitu kikaanza kwenda mbele. Pole pole, hatua moja, ya pili, wale watu wakirudi nyuma wakilia, na uwanja mzima ukasimama kuimba. Refa akapuliza kwa faida yetu. Nililia kabisa, mbele ya watu. Maisha yangu yote nimefanya hiyo kazi watu wakiangalia mahali pengine.

Baada ya mechi kocha akanishika bega akaniambia nibaki msimu mmoja tena. Akaniambia, mzee, watu wa aina yako sasa ndio hawapatikani.

Na mimi nilikuwa nimekuahidi kwamba msimu huu ukiisha narudi nyumbani kabisa. Ndiyo maana siku ile nilikupigia. Nilikueleza neno la kocha mbio mbio, nikangoja ulie au unikasirikie, kwa sababu hapo ningejua la kufanya. Wewe ukamaliza kumpimia mtu viazi, nikasikia ndoo ikiwekwa chini, ukaniambia, "Usije kwa ajili yangu, Baba Imani. Njoo kama unataka kuja."

Nilikasirika wiki nzima. Nilijiambia, ona huyu, nimeumia shingo nchi za watu, na hata kusema njoo hawezi. Kule kiwandani walidhani nimefiwa. Nilitaka univute, ndio ukweli, ndio siku moja nikikumbuka ule uwanja ukiimba nikuangalie na kusema, huyu ndiye aliniondoa pale. Wewe ukakataa huo mzigo. Uliona mbali kuliko mimi, na nilichukua muda kukubali.

Halafu nikaanza kujiuliza kwa nini nilifurahia sana kuambiwa nibaki. Si sifa peke yake. Ni uoga. Nimekuja nyumbani mara mbili tangu Imani aanze kutembea, na mara zote mbili nilichinjiwa kuku. Unanitandikia kitanda vizuri, Imani anasimama nyuma ya kanga yako ananichungulia, siku zikianza kuwa za kawaida nimefunga mfuko. Wewe umeendesha ile nyumba bila mimi. Umehamisha vitu, umezoea kulala katikati ya kitanda, umejua fundi gani ni mwizi na gani ni mzuri. Nikifikiria kukaa hapo mwezi wa pili, wa tatu, bila tiketi ya kurudi, naanza kutafuta sababu za kubaki huku. Skramu naijua. Nyumba yangu siijui, na inaniuma kuiandika hivyo.

Na tena nimeona kitu kuhusu hii raga ya zamani. Watu wanasema imerudi, lakini haikurudi vile ilikuwa. Zamani mtu wa mbele alianza mechi na akaimaliza, akitoka damu ni sawa tu. Siku hizi naingizwa dakika za mwisho, nasukuma mara nne au tano, nakunywa maji. Vijana ni wakubwa kuliko sisi tulivyokuwa, wanajua mgongo ukae namna gani, wamefundishwa vitu sisi tuliviokota kwa maumivu. Ni ile ile na si ile ile. Hakuna anayelalamika. Wameichukua ilivyo leo na wanaicheza.

Wiki iliyopita shingo ilikataa kabisa. Sikuweza kuangalia kushoto, nikivuka barabara nazungusha mwili mzima. Daktari wa timu akasema kuna kitu kimebanwa, nisicheze. Kwa hivyo mechi ya Jumapili nilikaa benchi na koti. Ikafika skramu kama ile niliyokuambia, karibu na laini, na pale mahali pangu ameinama mwingine. Nikawa nangoja nisikie wivu. Ikaanza kwenda mbele. Mimi nikajikuta nimesimama juu ya benchi, napiga kelele kwa Kiswahili, sukuma, sukuma, sukuma, na hakuna mtu aliyeelewa, na nilikuwa na furaha ile ile ya mwezi uliopita. Hata zaidi kidogo, kwa sababu hakuna kilichoniuma. Ndipo nikajua mimi nilitaka tu nione hiyo kazi ikiheshimiwa. Nimeiona.

Jumatatu nilienda kwa kocha nikamwambia hapana. Akaniuliza kama ni mke wangu amekataa. Nikamwambia mke wangu hajakataa kitu, ni mimi nataka kwenda nyumbani. Niliisema kwa Kifaransa, na nadhani ndiyo sentensi yangu ya kwanza ambayo hakuna mtu aliniambia nirudie. Akanipa mkono. Wale wazee wa pale uwanjani wakasikia, mmoja akanikumbatia mpaka shingo ikalia.

Kwa hivyo nakuja. Msimu ukiisha, nikimalizana na kiwanda, nakuja. Shingo nitaitafutia daktari hapo Nakuru, usiogope, natembea na nabeba. Sitakuwa yule wa zamani uliyemsindikiza, na wewe pia sitakudai uwe yule. Tutaanza na hawa tulio sasa.

Nisalimie mama yangu Elburgon ukipanda huko, umwambie nakula vizuri. Mama yako Molo mwambie asiuze mbegu zote, mwaka huu kutakuwa na mtu wa kulima. Wairimu mpe pole ya nyumba yake. Imani mwambie baba amesema akohoe waziwazi, si dhambi.

Na neno moja la mwisho, mke wangu. Siku nikifika usichinje kuku, na usinitafutie kikombe kizuri. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tafadhali, mimi jembe nipe siku ile ile.

Ni mimi wako,
Baba Imani