Sera ya Tisa kwenye Orodha

Dada Tekla,

Nilitaka kukuambia haya nikiwa nimekaa kando ya kaburi lako, lakini maji yamekata njia baada ya Mlimba na Masagati hakufikiki. Kwa hiyo naandika hapa Ifakara, kwenye meza ya Mama, huku Imelda wako akiniuliza kila mara namwandikia nani. Nimemwambia, mama yako. Akasema, "Mwambie nimeota meno ya mbele." Basi, ameota.

Mama amehamia huku ili mtoto asome. Amekodi shamba Idete, na jirani yake Msukuma anamlimia kwa ng'ombe. Mama yuleyule aliyesema ng'ombe wakiingia bondeni tumekwisha! Siku hizi anamwita "mwanangu" na kumgombeza akichelewa.

Mimi nafanya kazi katika chuo kilekile kilichokufuta. Najua ungenitazama vibaya. Niliomba makusudi.

Niko ofisi ya mipango, katibu wa kamati inayopanga sera mpya. Mwaka huu zililetwa rasimu kumi na mbili, na kamati ilitakiwa kuchagua tatu za kupeleka kwenye baraza la chuo. Ya tisa niliiandika mimi: mwanafunzi aliyezuiwa na mafuriko asipoteze nafasi yake kwa kuchelewa kujiandikisha, mradi alete barua ya mtendaji wa kijiji. Jina lako sikulitaja popote. Lakini kila sentensi niliyoipiga taipu nilikuona na matope hadi magotini, siku tatu kwa miguu kutoka nyumbani hadi kwenye treni, viatu umevitundika shingoni visiharibike. Walikuwa wameruhusu kuchelewa wiki moja. Wewe uliipita kwa siku mbili. Siku mbili, Dada. Karani akakuambia, "Wenzako wamefika, wewe una nini?" Ulituhadithia ukicheka. Baada ya hapo hukucheka tena kwa muda mrefu.

Kamati inapanga kwa alama: sera ipi iko tayari, ipi inagusa wengi. Yangu ilipata alama ndogo. Mkuu wa kitivo kimoja, mzee anayependa utani, akasema, "Chuo hakiwezi kusubiri mvua ya Kilombero ikatike." Wakacheka. Kazi ya katibu ni kuandika, siyo kusema. Nikasema.

"Samahani, Mzee. Mchele wa Kilombero mbona mnausubiri bila tabu?"

Wakacheka zaidi. Nikawaeleza Mama anavyovuna. Mto ukianza kupanda, haanzi na jaruba la mpunga lililoiva vizuri karibu na nyumba. Anakimbilia la chini kabisa, hata kama nusu yake bado mbichi, kwa sababu ndilo litakalofikiwa na maji kwanza. La juu litasubiri. Nikawaambia, ninyi mnaanza na sera zilizoiva kwa kuwa ni rahisi, ya nembo mpya na ya sare za walinzi. Anayezama mnamwambia asubiri mwakani.

Wakapiga alama upya, ikapanda kutoka ya tisa hadi ya nne. Zinachukuliwa tatu.

Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kumalizia kuandika. Mwenyekiti akaniagiza niweke kwenye muhtasari wa kikao kwamba kamati ilikubaliana kwa kauli moja, na kwamba suala la mafuriko halikuwa na mjadala. Nikauandika mjadala wote, na utani wa yule mzee neno kwa neno. Akaurudisha na mstari mwekundu: ondoa. Nikapiga taipu upya, nikauacha vilevile. Akaniita. "Binti, akili unayo, lakini kichwa chako kigumu. Nenda likizo ukafikirie."

Nimefikiri.

Nakiri jambo moja. Nilikukasirikia miaka yote hii. Ulipofutwa ulirudi kimya, ukashika jembe, hukuandika hata barua ya rufaa. Nilidhani umekubali. Hata ulipoondoka, Imelda akiwa na miezi minne, nililia huku bado nina kinyongo. Sasa nimekaa upande wa pili wa ile meza na nimejionea mwenyewe: hapakuwa na mahali pa kuipeleka barua hiyo. Hakuna fomu. Hakuna kifungu. Hakuna hata mlango wa kubisha. Nisamehe.

Jumatatu narudi na muhtasari uleule. Hauendi popote bila saini ya katibu, na saini yangu haikai chini ya uongo. Wakinihamishia masjala, nitaandika nikiwa masjala. Wakinifukuza, nitakaa kwenye benchi la nje hadi wanipokee rasimu mkononi. Mwakani orodha inafunguliwa tena, na safari hiyo iliyoshika nafasi ya nne ndiyo itakayotangulia. Nakuahidi hilo, siyo kwa kuwa ni rahisi.

Pumzika, Dada. Kugombana niachie mimi.

Mdogo wako,
Adela