Kidole cha Sita cha Mokami

Mama Teresia, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana hata mimi nimejikasirikia vya kutosha. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia wa sekondari huku Tarime, nafundisha kidato cha nne, na mada ya urithi naipenda kuliko zote, basi nikaona nisiwakaririshe vitabu tu, nikawaeleza kwamba DNA ni maelekezo yaliyomo ndani ya seli zetu, nusu mtu anapewa na mama na nusu na baba, kisha nikamwita mbele Mokami kwa sababu ana kidole cha sita, nikauinua mkono wake darasa zima wauone, nikasema kitu kama hiki lazima mzazi mmojawapo anacho. Mama, mimi ni Mkurya wa Nkende, najua kabisa kwamba mama yake aliolewa na bibi mjane asiyejaliwa mtoto wa kiume, ile ndoa yetu ya nyumba ntobhu, bibi ndiye aliyetoa ng'ombe na watoto ni wake, mwanamume aliyehusika hatajwi, yote hayo nayajua na siku ile hayakunijia kichwani. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu, si ni Mzee Heche wa mashine ya kusaga? Naye ana kidole hicho hicho!" Darasa likacheka, na mtoto wa Heche yumo humo humo. Mokami akachukua begi lake akaondoka, hajarudi mpaka leo, mtihani wa taifa umekaribia, na huyu ndiye binti aliyekuwa akiniambia anataka kusomea uuguzi. Bibi alikuja shuleni akanisimamia mlangoni pa ofisi, akasema, "Mwalimu, huyu mtoto ng'ombe nilitoa mimi. Hiyo DNA yako ilitoa wangapi?" Naona haya hata kupeleka mahindi mashineni, na nimefikiria kuomba uhamisho niende Serengeti. Nifanyeje?

Mwalimu, Tarime

Mwalimu, marahaba. Majina halisi ya binti na ya huyo mzee uliniandikia wazi kabisa, nikayabadilisha mimi. Ningeyaacha, ungekuwa umemwanika mara ya pili, safari hii gazetini, mkoa mzima. Hebu jifunze kutunza mambo ya watoto wa watu.

Nakuhurumia, kwa sababu ulitaka waelewe, na walimu wa namna hiyo tunawahitaji. Lakini ulimshika mtoto mkono bila kumwomba ruhusa, tena ukafundisha vibaya. Nimemuuliza daktari kabla ya kukujibu. Kidole cha sita kinaweza kurithiwa kwa mzazi ambaye mikono yake haina dalili yoyote, na wakati mwingine kinatokea bila mtu mwingine kwenye ukoo kuwa nacho. Hakithibitishi baba ni nani. Hiyo "lazima" uliitoa wapi?

Na swali la bibi usilichukulie kama ujinga. Anakukumbusha nani amemlea huyo mtoto, na hilo, somo lako halikuligusa.

Jumamosi hii nenda kwake. Msalimie, kaa atakapokukalisha, omba radhi yeye na mama Mokami wakiwa pamoja, na sayansi usiitaje mpaka uulizwe. Mokami akikuuliza kama ni kweli, usimdanganye na usikisie. Mwambie kidole hakiwezi kujibu hilo, na akitaka kujua, wa kumuuliza ni mama yake. Kisha simama mbele ya darasa lile lile useme, "Nilikosea," ueleze ulipokosea, na mtoto wa Heche umwite pembeni uzungumze naye pia, maana naye umemuumiza. Mokami akiona bado ni mapema kurudi, mpelekee masomo nyumbani, bibi yake akiwepo, mpaka siku ya mtihani.

Uhamisho usahau. Wewe utapanda basi, utafika Serengeti, utakuwa mwalimu mpya. Mokami yeye ataenda wapi?