Siku Tatu Nilizolizuia Kanisa

Changamwe, Jumatatu asubuhi

Baba Rahel, mume wangu,

Niwie radhi kwa hati yangu. Wajua mwalimu wangu ulikuwa wewe, ukaondoka kabla hatujamaliza. Sisi tu wazima, ila nyumba kimya. Rahel amekwenda. Ameondoka jana baada ya ibada, yeye na mwinjilisti na mkewe, kwenda vile vijiji vya nyuma ya Mariakani kufundisha kina mama kusoma na kuuguza wagonjwa. Nataka uyasikie kwangu mwenyewe yaliyotangulia, maana nilifanya jambo la aibu.

Ile desturi uliyoianzisha ulipokuwa mzee wa kanisa tungali tunaishika. Kabla ya watu kutumwa, kanisa zima hujitayarisha wiki nzima: sala alfajiri, kufunga mpaka jioni, na jioni mchungaji huuliza kama kuna mwenye neno na mwenzake. Akiwapo, hakuna atumwaye mpaka wawili hao wapatane na kula sinia moja mbele ya watu. Ulikuwa ukisema, "Tusiwapelekee wenzetu amani ambayo sisi wenyewe hatuna."

Basi Jumatatu iliyopita mchungaji alipouliza, nikasimama. Nikasema nina neno na Mama Luka.

Unamkumbuka jirani yetu na mdomo wake. Kwenye matanga yako alisema uji wangu mwepesi, mtu aweza kujitazama uso ndani ya bakuli. Niliumia, kweli. Lakini hayo yalikwisha zamani, Baba Rahel. Ni yeye aliyenichotea maji miezi ile nilipokuwa siwezi kuinuka. Nilikwisha kumsamehe, tena tumeshayacheka.

Jioni ile akaja mbele, akaniomba radhi. Nikasema moyo wangu bado. Jumanne, bado. Jumatano, bado. Watu wazima wenye njaa wakapiga magoti wakiniombea moyo laini, nami nimeinamisha kichwa, nafurahi kwamba siku imepita. Mizigo ya safari imefungwa, imekaa pale pembeni mwa kanisa. Rahel ananitazama tu.

Alhamisi tulipotoka sala ya alfajiri, Mama Luka akanifuata mpaka jikoni. "Mama Rahel, nimeomba radhi mpaka ulimi umeota sugu. Wataka nikuletee na mbuzi?" Nikaanza kuzoa majivu. Akanitazama sana, sauti ikashuka. "Wewe huna hasira nami. Wewe wamficha mtoto nyuma yangu."

Nikaketi pale pale kwenye majivu. Ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulitoka hapa kwa miguu yako kwenda kuhubiri huko huko, ukarudi na homa, siku ya nne hatuko nawe. Nikasema moyoni, na huyu akienda, mimi nibaki na nani?

Jioni nikasimama tena. Nikawaambia sina neno na Mama Luka, nina hofu, na hofu hiyo nimeivika nguo ya ugomvi nikawazuia nyote. Nilidhani nitatengwa na meza ya Bwana. Mchungaji akasema hofu hiyo ningaliileta siku ya kwanza, tungaliiombea hiyo. Mama Luka akavuta sinia: "Njoo tule basi, mwenzio nina njaa ya siku nne!" Kanisa likacheka, nami nikacheka huku nalia.

Nyumbani Rahel akaniambia, "Mama, ungeniambia nisiende, ningebaki. Ndiyo maana nilikuwa naomba usiniambie."

Jana niliitwa mimi wa kwanza kumwekea mkono kichwani. Nikasema, "Nenda." Neno moja tu, maana la pili lingekuwa lingine.

Sikufichi, hofu ningali nayo. Asubuhi hii nimepika uji wa watu wawili. Lakini sasa naitaja kwa jina lake, na kanisa linaniombea kwa jina hilo hilo.

Pumzika kwa Bwana, Baba Rahel. Ahadi yangu kwako ni hii: siku atakapotumwa mtoto wa mwingine, nikamwona mamake anasimama na ugomvi usio na kichwa wala miguu, sitamcheka wala sitamkemea. Nitakwenda nikae naye.

Mkeo,
Mama Rahel