Filimbi Mbili, Tupa

Jumanne, 9 Januari

Paa tena, kusukuma theluji chini. Jengo la ghorofa sita katikati ya mji, theluji hadi magotini, nami nimefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Stockholm nzima hakuna wa kunipita kwa koleo. Anayebisha apande.

Chini kasimama Deo, Mkongo wa Bukavu, jirani yangu wa Tensta. Kazi yake filimbi. Moja ndefu: acha, mtu anapita. Mbili fupi: tupa. Nikamtania kwamba hata nguzo ya taa ingeiweza kazi hiyo, tena haili chakula cha mchana. Akacheka. Mtu mwema mno. Ndiyo maana namchokoza.

Wakati wa chai nikampa darasa. Nilisoma sheria Dublin, masomo ya jioni, muhula mmoja na kidogo. Ndiyo, ndiyo sababu naitwa Wakili. Uhalifu una miguu miwili: tendo na nia. Kata mmoja, kesi chali. Deo akauliza, na aliyekaa tu bila kufanya kitu? Nikamwambia Ireland unaweza kumtazama mgeni akizama huku unamenya ndizi, na sheria isikuguse. Isipokuwa kama kumlinda ni kazi yako.

Hapo hakucheka.

Alhamisi, 11 Januari

 Niandike haraka.

Bosi alinipigia simu. Tunachelewa, mwite Deo apande asaidie. Nikasema chini hakutabaki mtu. Akasema basi kesho tusije wote wawili. Nikamwita Deo. Akasita. Nikamwambia panda, bosi kasema. Akapanda. Nilimwona akitokeza kwenye kidirisha cha paa. Nikasukuma barafu hivyo hivyo, naimba.

Ikamwangukia mwanamke wa koti jekundu. Sauti yake sikuisikia. Niliona machungwa yakibingirika barabarani.

Ijumaa, 12 Januari

Polisi. Bosi kasema simu ile aliuliza habari za kamba tu. Deo kasema mimi ndiye niliyemwita. Wakaniuliza: ulijua kwamba chini hakuna mlinzi?

Darasa la Dublin likanirudia lote, hata yale niliyoyasinzia. Aliyeiona hatari akaipuuza, ana hatia. Ambaye hakuiona, mguu wa pili hana.

Nikasema sikumwita. Nilikuwa nimempa mgongo. Sikujua.

Deo akabaki mahabusu. Mimi nikatoka nikanunua kebab. Nikaimaliza.

Jumapili, 21 Januari

Mama Neema, mke wa Deo, kaja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Hakuvua koti. Mwanamke wa koti jekundu bado hajaamka, na wanasema Deo anaweza kufungwa.

"Wakili, weye unajua sheria. Papa Neema alikosa nini?"

Nikamweleza vizuri kabisa. Kulinda ilikuwa kazi yake, akaacha nafasi yake. Mwalimu wangu angenipa alama zote.

"Anasema ulimwita."

Nikasema sombe imezidi chumvi.

Akanitazama. Hakulia, afadhali angelia. Akaifunika sufuria.

"Sufuria utairudisha akitoka."

Sombe haikuwa na chumvi nyingi. Ilikuwa tamu. Nimetapika.

Jumatatu, 22 Januari

Nimekwenda mwenyewe. Nimesema yote: bosi alipiga, mimi nikamwita, nikamwona amepanda, nikasukuma. Mkalimani akaniomba nirudie. Mpelelezi akauliza kitu kimoja tu, kama nilijua hatari.

"Nilijua."

Mimi wa maneno elfu. Neno moja likanimaliza.

Wakili niliyepewa, wakili wa kweli huyu, kaniambia kwamba sheria ya huku si ya Ireland, ila hapo zinafanana kama ndugu. Sasa mtuhumiwa ni mimi. Na bosi. Deo kaachiwa jioni.

Nilijiona shujaa, sifichi. Nikapika pilau ya kulisha harusi. Mlango haukugongwa.

Alhamisi, 15 Februari

Kesi bado. Mwanamke wa koti jekundu kaamka. Hamtambui mwanawe.

Sufuria niliiacha mlangoni kwao, nimeisugua mpaka inang'aa. Iliingizwa ndani. Salamu hazikutoka.

Leo nilikuwa Spånga, natafuta kazi. Karibu na stesheni nikasikia filimbi moja ndefu. Miguu ikasimama yenyewe. Deo, kampuni nyingine, kizibao kipya cha njano. Aliponitambua aliangalia juu, kwenye paa. Bonge la theluji likaanguka mbele yangu, pale ambapo ningekuwa.

Nikangoja. Bibi mmoja na mbwa wake wakaja. Deo akawapungia mkono wapite. Wakapita. Akaja kijana na baiskeli, akapita.

Nilingoja mpaka vidole vikafa ganzi. Deo alitazama paa, alitazama barabara, kazi anaijua. Mimi hakunipungia.

Nikazunguka mtaa wa nyuma.